Anachokiona Vere Akishusha Fimbo

Vijana wangu mnaofundisha gofu pale kwetu Kasulu, mmenisumbua muda mrefu niwaeleze namna ya kumfundisha mtu kushusha fimbo. Mnasema kupandisha si shida, mwanafunzi anageuka vizuri mpaka juu, ila akianza kushuka anaharibu kila alichokijenga. Nitawaeleza. Lakini siwezi kueleza bila kumtaja Obedi wa Mabamba, na siwezi kumtaja Obedi bila wivu kunipanda, hata leo, mimi mstaafu ambaye kazi yangu imebaki kupalilia migomba na kusikiliza redio. Mtanivumilia.

Kwanza mjue kwamba fimbo ikishuka haina subira. Ukipepesa jicho imeshapita. Mtu hawezi kuwaza mambo matatu ndani ya kupepesa jicho, sembuse kumi. Kwa hiyo lolote utakalompa mwanafunzi, mpe kabla hajapandisha, na liwe dogo la kuingia mfukoni.

Mimi sikufundishwa hivyo. Nilijifunza kwa Mzee Kiliani, mwalimu wa klabu moja kule kaskazini nilikoanza kama kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji. Mzee Kiliani alifundisha kwa vituo. Aliweka kiti nyuma yangu, nikianza kushuka kalio la kushoto liguse kiti kabla mikono haijafika kiunoni. Alinibana taulo chini ya kwapa la kulia, likianguka kabla sijaupiga mpira ananirudisha mwanzo. Alinisimamisha katikati ya mpigo, fimbo hewani, akanizunguka kama fundi anayekagua ukuta, akisukuma kiwiko hapa, akipinda kifundo cha mkono pale. Wenzangu walikata tamaa. Mimi nilipenda. Nilitoka pale na mpigo ambao watu walisimama kuutazama, na nauthamini kwa sababu sikuwa na kitu kingine chochote cha kujivunia.

Nikarudi nyumbani Uha, nchi yetu Waha, kwa sababu ya barabara. Kampuni moja ya ujenzi ilipiga kambi nje ya Kasulu, na wahandisi wake wageni, walipokosa pa kupotezea Jumapili zao, wakachonga uwanja kwenye mteremko kati ya mashamba ya mihogo na mikaratusi. Hapakuwa na nyasi laini za kuzungushia mashimo. Tulichukua mchanga, tukauchanganya na oili chafu ya magari, tukaushindilia, kisha tukaulainisha kwa kuvuta gunia juu yake. Tuliuita brauni, kwa rangi yake. Mpira unatambaa juu ya brauni bila kurukaruka, ila ukipiga goti kupima njia ya mpira, hiyo suruali usiivae tena kanisani. Wahandisi walipomaliza barabara yao waliondoka, uwanja ukabaki kwa kamati ya wenyeji na wafanyakazi wa serikali: madaktari, walimu, wafanyabiashara wa mjini. Mimi nikawa mwalimu wao. Mwalimu peke yangu. Ninaomba mlishike hilo neno, peke yangu, kwa sababu ndilo Obedi alilokuja kuniondolea.

Obedi alizaliwa Mabamba, upande wa Kibondo, kule mpakani na Burundi. Ujanani alivuka kwenda Bujumbura, akafanya kazi kwenye uwanja wa gofu wa kule mpaka akawa anafundisha. Kamati ilipomwajiri awe mwalimu wa pili, alifika na viatu vyeupe na fimbo zake mwenyewe ndani ya mfuko wa turubai, anasalimia watu "bonjuu" ya Kifaransa na "mwakeye" ya kwetu kwa pumzi moja. Alikuwa mfupi, mnene kidogo tumboni, na mpigo wake, nawaambia kweli, haukuwa mzuri kama wangu. Ulikuwa na kona. Nilipouona siku ya kwanza nililala vizuri.

Usingizi huo haukudumu. Nilikuwa na mwanafunzi, Daktari Mwanaidi, mtu wa Tanga aliyepangiwa hospitali yetu. Tatizo lake ndilo la wanafunzi wenu wengi: akifika juu, mikono inakimbilia mpira kabla ya miguu na nyonga. Fimbo inakuja kwa nje, inaukata mpira, mpira unakwenda kulia kwenye mihogo. Nilikuwa nimemweka kwenye kiti cha Mzee Kiliani tangu masika, na alikuwa amefika mahali anasimama juu ya mpira muda mrefu mpaka ng'ombe wanapita. Siku moja Obedi alikuwa anapita na mfuko wake. Akasimama. Akamwambia daktari afikirie anapura maharage: hushushi fimbo kwa nguvu za mkono, unaiacha ianguke, mwili ndio unaotangulia kushuka.

Daktari akasema hajawahi kupura maharage maishani mwake.

Nilifurahi sana moyoni. Sisi tumekua tunapura maharage, na Obedi alidhani dunia nzima ni Kibondo. Lakini hakuaibika hata kidogo. Aliketi chini kwenye nyasi na viatu vyake vyeupe, akaanza kumuuliza daktari alipokuwa mtoto alifanya kazi gani za mikono. Wakazungumza nusu ya muda wangu wa somo, muda wangu, mimi nimesimama na taulo. Daktari akasema kwao walikuwa na kisima chenye kapi, wanavuta kamba kupandisha ndoo. Obedi akamwambia asimame, ashike kamba isiyokuwepo, avute. Daktari akavuta. Magoti yakalegea, uzito ukashukia mguu wa kushoto, nyonga ikazama, mikono ikafuata mwisho kabisa. Ni kile kile nilichokuwa nikimtafutia kwa kiti. Obedi akampa fimbo na kumwambia avute ndoo. Mpira ukaenda moja kwa moja ukapita mti wa karatusi wenye kichuguu, mahali daktari yule hakuwahi kufika.

Daktari alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akamuuliza Obedi, mbele yangu, anafundisha siku gani.

Jambo la kuchukua hapo ni hili: picha haifundishi kwa sababu ni nzuri. Inafundisha kwa sababu mwili wa yule mtu umeshawahi kuifanya. Msimpe mtu wa Tanga maharage yenu. Muulizeni kwanza mikono yake inakumbuka nini. Obedi alikuwa anauliza hivyo kwa kila mtu. Mzee Sudi, mwenye duka la vitambaa Kasulu mjini, ambaye asili yao ni Bagamoyo, Obedi alimpa picha ya jora. Mnajua muuza vitambaa anavyolitandaza jora juu ya kaunta: anashika ncha, anatupa, kitambaa kinajikunjua chenyewe na ncha ya mwisho ndiyo inayopiga kelele. Basi, kifundo cha mkono kwenye gofu kinatakiwa kufunguka hivyo, mwisho. Mzee Sudi alikuwa amecheza miaka mingi bila kukijua kifundo chake. Baada ya jora akawa anajisifia msikitini.

Mimi nilikuwa naona yote haya kutoka upande wangu wa uwanja. Upande wa Obedi watu walicheka. Upande wangu walihesabu vituo. Wivu, vijana, hauji kama watu wanavyodhani, kwa hasira. Kwangu ulikuja kwa masikio. Mpira ukipigwa sawasawa unatoa mlio mmoja mfupi, mkavu. Nikiwa nimewapa mgongo niliweza kuhesabu milio ile ikitoka upande wake, na kila mmoja ulinichoma mahali pake.

Nikasema na mimi nitatoa picha. Tulikuwa na mhasibu wa halmashauri, Mkerewe, mtu mwenye mabega mapana. Nikawaza: huyu ni mtu wa kisiwani, nimpe wavu. Nikamwambia afikirie anarusha wavu wa kuvulia samaki ziwani, mwili unageuka, mikono inafuata, wavu unafunguka. Uso wake ulichanua. Akapandisha fimbo vizuri, akashuka vizuri kuliko siku zote, na alipofika kwenye mpira akafanya kile kila mvuvi anachofanya na wavu. Akauachia. Fimbo iliruka juu ya ua, ikazunguka hewani kama panga la feni, ikavunja taa ya bodaboda iliyoegeshwa barabarani. Mwenye bodaboda hakuumia kwa kuwa alikuwa ameenda kunywa chai. Mhasibu alibaki ameinua mikono, mtu mwenye furaha, hajaelewa bado.

Obedi alivuka uwanja kuja kuangalia. Nilitegemea acheke, ningekuwa na sababu. Alisema taratibu, "Picha yako ni nzuri sana, kaka Yoramu. Shida ni kwamba wavu unaachiwa."

Kusifiwa na mtu unayemwonea wivu ni kubaya kuliko kuchekwa. Lakini alisema kweli, nanyi muishike: ichunguzeni picha mpaka mwisho wake kabla hamjampa mtu.

Sasa niwaambie habari ya Verediana, binti yangu, ambaye ninyi mnamjua kama Kocha Vere kwenye video za simu zenu. Nilimpa fimbo iliyokatwa mpini alipokuwa bado anavaa gauni la chekechea. Nilimjenga kituo baada ya kituo, bila haraka, na kufikia alipomaliza sekondari alikuwa na mpigo wangu, mpigo wa Mzee Kiliani, bila kosa lolote. Wazee wa kamati walisema ukimwangalia Vere kwa mbali unaniona mimi. Hakuna sifa niliyowahi kupewa iliyonishibisha kama hiyo.

Kisha zikaja habari kwamba kutakuwa na mchujo wa wasichana wa timu ya taifa, kule Arusha. Kamati ikaandika jina lake. Na mara tu jina lilipoandikwa, mshuko wake ukaharibika. Mikono ikaanza kutangulia, ugonjwa ule ule wa Daktari Mwanaidi. Nikamrudisha kwenye kiti. Nikamrudisha kwenye taulo. Kiti alikipita vizuri, taulo halikuanguka, lakini akiwekewa mpira mbele, mikono inakimbia. Nilikuwa naongea tangu tunatoka nyumbani mpaka tunarudi, na yeye alikuwa anapungua maneno kila siku.

Tukaenda Kibondo kwenye mashindano ya kirafiki. Wenzetu wa kule walikuwa wamechonga mashimo yao machache karibu na uwanja wa mpira wa miguu, na watu walijaa kumwona msichana wa Kasulu anayekwenda Arusha. Nilisimama nyuma yake kidogo, nikawa namkumbusha kwa sauti ya chini: nyonga kwanza, kwapa, nyonga. Mpira wa kwanza ukakata kulia ukaingia mikaratusini. Wa pili ukaufuata. Watu wa Kibondo ni waungwana, waligeuka wakajifanya wanatazama uwanja wa mpira wa miguu. Wakati wa kurudi palikuwa na nafasi mbele kwenye pikapu ya Mzee Sudi, lakini Vere alipanda nyuma na mifuko ya fimbo, akajifunika kanga uso kwa ajili ya vumbi.

Siku iliyofuata alinikuta nimekaa mlangoni nasafisha fimbo zake. Alikaa chini, si kwenye kigoda.

"Baba, naomba ruhusa yako," alisema. "Niende kwa baba mdogo Obedi anitazame mshuko."

Hilo jina la baba mdogo sikujua limeanza lini. Obedi si ndugu yetu, hata ukoo hatugusani. Nilimuuliza kama mimi nimeshindwa. Akasema sijashindwa, ila maneno yamekuwa mengi kichwani, akisimama juu ya mpira hauoni mpira.

Nilimwambia aende. Nilisema kwa upole, mama yake aliyekuwa ndani anaweza kuwathibitishia. Kisha nikaingia kwenye migomba, nikakata majani makavu mpaka mashina yakabaki kama kuku walionyonyolewa.

Nilikwenda kuwatazama, bila shaka nilikwenda. Palikuwa na brauni ya shimo la pili iliyokuwa inahitaji kuvutwa gunia, na ghafla ikawa inahitaji kuvutwa kila siku. Nilichoona ni kwamba Obedi aliuondoa mpira. Kwa siku nyingi Vere hakupiga kitu. Obedi alimgeuzia fimbo, yeye akaishika upande wa kichwa, mpini ukawa chini, akafumba macho na kuipeperusha. Fimbo ikigeuzwa hivyo inapiga mluzi. Obedi akawa anamuuliza mluzi anausikia wapi. Mwanzoni aliusikia karibu na bega la kulia, maana yake nguvu zote zinamwagika juu kabla fimbo haijafika chini. Obedi hakumwambia nyonga wala kwapa. Alimwambia auhamishe mluzi, ausikie mbele ya mguu wa kushoto, atafute mwenyewe mwili ufanye nini. Hili zoezi muwape wanafunzi wenu wote, halina gharama na halina maneno. Niliposikia mluzi wa binti yangu ukishuka kutoka begani mpaka mguuni, nyonga yake ilikuwa imefanya yote niliyomwambia tangu utotoni. Nilikaza kamba ya gunia nikavuta.

Kisha wakakaa chini, kama alivyofanya kwa daktari. Walikaa muda mrefu. Sikusikia neno. Niliona Vere akifuta macho, halafu akicheka, halafu akiangalia vilima vya upande wa Burundi. Siku hiyo alirudishiwa mpira. Alisimama nyuma ya mpira, akatazama mbele bila kutazama kitu, akatabasamu kidogo tu, upande mmoja wa mdomo, akasogea na kupiga. Ule mlio. Akapiga mwingine, ule mlio tena. Na kila kabla ya kupiga, lile tabasamu.

Najua matabasamu ya mwanangu. La kuomba ninalijua, la kuficha ninalijua, la kumdanganya mama yake kwamba amekula ninalijua. Hilo sikulijua. Alikuwa ameona kitu ndani yake na kitu hicho kilimponya, na alikuwa amekipata akiwa amekaa nyasini na Obedi.

Nilimuuliza nyumbani. Nilijifanya nauliza kama mwalimu, kwa ajili ya kazi. Akajibu kwa heshima kwamba hawezi kusema, kwamba ameambiwa picha ikisemwa inageuka kuwa maneno, na maneno ndiyo yaliyomwumiza. Mama Vere, ambaye kwa wakati ule alikuwa ameanza kumpelekea Obedi karanga za kukaanga, aliniambia nimwache mtoto. Nikamwendea Obedi mwenyewe. Nilimkuta anapaka chokaa viatu vyake. Nikamwambia anipe tu jina la hiyo picha, sitaitumia.

"Sina, kaka," alisema. "Nilimwambia aitafute, akiipata asiniambie. Si yangu mimi, ni yake."

Nikamwambia ananificha. Akasema, "Kaka, ningekuwa nayo ningekupa ili uache kuvuta gunia kwenye ile brauni. Umeitoboa."

Sikumwamini. Niliondoka nikiwa na hakika kwamba wawili wale wana kitu na mimi niko nje ya mlango.

Muda wa Arusha ukafika. Kamati ilikuwa na nafasi ya kumgharimia mwalimu mmoja tu wa kumsindikiza, na mwenyekiti, kwa kutaka haki, akasema Vere achague. Mimi nilikuwa nimeshampelekea fundi koti langu abadilishe vifungo. Vere hakusema mbele ya kamati. Alinifuata tulipokuwa tunatoka, tukatembea pamoja mpaka kwenye njia ya mihogo, akanishika mkono wa shati.

"Baba, nitakwenda na baba mdogo," alisema. "Wewe ukiwepo nitakusikia. Hata ukinyamaza nitakusikia."

Nimepata misiba maishani, nimezika wazazi na ndugu. Sikumbuki kauli iliyonikalia kifuani namna ile. Na ubaya wake ni kwamba ilikuwa kweli, na alikuwa ameisema kwa upendo, kwa hiyo sikuwa na mahali pa kuitupa. Nilimwambia achunge vidole vya mkono wa kushoto, hali ya hewa ya Arusha ni baridi. Koti nikaliacha kwa fundi.

Siku zile za mchujo nilijipa kazi ya kutengeneza upya brauni zote. Nilikuwa na oili mpaka kwenye viwiko Mama Vere alipokuja akikimbia na simu. Sikuweza kuishika, akaniwekea sikioni. Vere akasema, "Nimeingia, baba." Nilimsikia vizuri kabisa, na nyuma yake nikamsikia mwanamume akicheka, nikajua ni nani. Nikasema asante Mungu. Nilimaanisha. Kisha nikarudi kwenye mchanga wangu nikawa nashindilia, na nilikuwa nashindilia kicheko kile.

Basi la kutoka huko linapita Kibondo kabla ya Kasulu. Watu wa kamati walikuwa wameandaa mapokezi Kasulu, ngoma na maua. Mimi nilipanda gari la asubuhi nikaenda Kibondo kumsubiri huko huko stendi, ili niwe naye peke yangu kipande kile cha njia. Msinicheke, na ninyi mtazaa. Basi lilipofika, Vere alishuka na kunikumbatia akiwa na fulana ya timu, na nyuma yake akashuka Obedi na mfuko wake wa turubai, kwa sababu alikuwa anapitia kwao, na Kibondo ndipo anaposhukia mtu wa Mabamba. Viatu vyake havikuwa vyeupe. Dereva alisema abiria wapate chai. Vere akaenda kunawa na kununua maji, tukabaki sisi wawili kwenye benchi la mgahawa, chapati katikati yetu, hakuna anayemega.

Obedi alionekana mchovu kuliko mtu aliyeshinda. Alitazama alikokwenda Vere, kisha akaanza kuongea kwa sauti ya chini, kwa Kiha, lugha ambayo tulikuwa hatujawahi kuitumia sisi kwa sisi, tulikuwa tunaogopana kwa Kiswahili. Alisema siku ya pili ya mchujo mikono ya Vere ilianza tena kutangulia. Alimsogelea akamwambia kumbuka mluzi. Haikusaidia. Akampa maharage, akampa kamba ya kisima, akampa na jora la Mzee Sudi, kila alichokuwa nacho mfukoni.

"Akanitazama," alisema Obedi. "Akaniambia, baba mdogo, naomba ukakae kule kwenye viti."

"Ukaenda?"

"Nilikwenda. Viti vyenyewe viko nyuma ya jengo. Sikuona hata mpigo mmoja mpaka mwisho, kaka. Nilisikia makofi tu."

Nitawaambia nilivyojisikia, kwa kuwa mmetaka nieleze kazi hii na hii ni sehemu yake. Nilifurahi. Furaha ilinijaa mpaka nikalazimika kunywa chai ya moto ili asiione usoni mwangu. Amefukuzwa. Naye amefukuzwa, na karanga zake zote. Niliimega ile chapati nikala kipande kikubwa. Halafu nikamwangalia vizuri. Alikuwa anakuna oili ya zamani kwenye ukucha wake, oili ya brauni zetu, na mdomo wake ulikuwa umeinama kwa namna ninayoijua, kwa sababu nimeiona kwenye kioo cha kunyolea. Mtu yule alikuwa na wivu. Hakuwa na wivu na mimi. Alikionea wivu kile kile nilichokuwa nakionea bila kujua, yaani kitu kilichomo kichwani mwa Vere, ambacho hakikuwa chake, wala hakikuwa changu.

Nikamsogezea nusu ya chapati. Nikamwambia kwamba mimi hata kwenye viti vya nyuma ya jengo sikufika. Akakubali kwa kichwa, akala. Vere akaja na chupa tatu za maji, na sisi wazee wawili tukamtazama anavyokuja katikati ya watu wa stendi, tukamtazama kwa jicho moja, mpaka akauliza kuna nini.

Obedi alipanda pikipiki ya kwenda Mabamba, mfuko wa fimbo ukiwa umelala mapajani mwake. Tangu siku ile hatukuwahi kugombana tena, ingawa sikuacha kumwonea wivu, na mpaka leo Vere akija likizo hushuka Kibondo kwenda kumsalimia kwanza huko kwao alikorudi, eti kwa kuwa ni njiani. Obedi naye anajua ninavyochukia. Ananipigia simu kuniambia binti amefika.

Lakini siku ile Vere alikuwa wangu kutoka Kibondo mpaka Kasulu. Nilimpa kiti cha dirishani. Alikuwa amechoka, hakulala, alikuwa anatazama vilima vikipita na mashamba ya maharage yaliyokuwa yamevunwa. Tulipovuka daraja, niliona mkono wake wa kushoto juu ya goti ukijigeuza polepole, ukashuka, na upande mmoja wa mdomo wake ukainuka kidogo. Aliona ile picha yake. Alikuwa anaiona pale pale, karibu yangu, bega lake limegusana na langu.

Swali lilinifika kwenye meno. Nililifungia humo, nikatazama mbele kisogo cha dereva, nikanyamaza mpaka Kasulu.